Anatupia Pointi Chuoni Kila Mechi, Ila NBA Atasugua Benchi! Sababu Ninayo Hapa (Povu Ruksa)

Leo ubuyu wa mastaa tunauweka pembeni kidogo, tunaingia kwenye kikapu.

Kuna dogo mmoja anakipiga chuo kule Marekani, anacheza gadi. Jina kapuni, maana mashabiki zake nawajua. Wiki hii nzima kila nikishika simu nakutana na klipu zake. Anavuka watu wawili, anarudi nyuma hatua moja, chwaa, pointi tatu. Chini watu wanaandika tu: huyu NBA moja kwa moja, wampe hela yake.

Mimi nikasema ngoja kwanza. Nikatafuta mechi nzima, siyo klipu, nikaangalia mwanzo mwisho mpaka bando likakata. Nilichokiona ndicho kimenifanya niandike. Dogo akishatoa pasi, anashika kiuno. Yaani mpira ukitoka mikononi mwake, kwake mechi imesimama, anasubiri arudishiwe. Kwenye kukaba ndiyo usiseme, mtu wake anampita yeye anamsindikiza kwa macho.

Mtanisamehe, ila kwa mwendo huo kule atasugua benchi. Ukiniuliza gadi wa chuo anahitaji nini ili atoboe, sitakwambia pointi. Pointi zinakufanya ujulikane. Kinachokubakiza ni kile unachofanya ukiwa huna mpira.

Tupige hesabu kidogo. Vyuo vya daraja la kwanza Marekani vina timu zaidi ya 350, na karibu kila timu ina gadi wake ambaye ni mfalme pale chuoni. NBA kuna timu 30, kila moja ina mikataba 15 ya kawaida. Hao ni watu 450 kwa dunia nzima, na wengi tayari wana viti vyao. Halafu drafti (siyo ile ya vizibo vya soda kijiweni, ni ile siku ambayo timu zinachagua vijana wapya) ina nafasi 60 tu, na miaka mingine zinapungua. Sasa fikiria, kila gadi anayefika pale alikuwa mfalme alikotoka. Na mpira ni mmoja. Na timu unayoenda ina staa wake anayelipwa mamilioni ya dola. Unadhani atakupisha wewe?

Bado uwanja wenyewe. Chuoni mstari wa pointi tatu uko mita 6.75 kutoka kwenye kikapu. NBA, ukiwa usawa wa katikati, ni mita 7.24. Karibu nusu mita nzima imeongezeka. Chuoni timu ina sekunde 30 za kushambulia, kule ni 24. Mechi ya chuo ni dakika 40, kule ni 48, na unacheza mechi 82 kabla hata ya mtoano. Zile mbwembwe za kudundadunda mpira ukimtafutia kamera angle, muda wake haupo. Na anayekukaba siyo mwanafunzi mwenzako mwenye mtihani kesho, ni mtu mzima anayelinda mkate wa watoto wake.

Mnataka mfano? Twende drafti ya 2011. Jimmer Fredette wa chuo cha BYU ndiye alikuwa habari ya mjini. Aliongoza kwa kufunga vyuo vyote, wastani wa pointi 28.9 kwa mechi, akabeba tuzo za mchezaji bora wa mwaka. Akachaguliwa namba 10, akaangukia Sacramento. Timu hiyohiyo, mwaka huohuo, ikamchukua na Isaiah Thomas kutoka chuo cha Washington. Huyu alichaguliwa namba 60, wa mwisho kabisa, na urefu wake ni kama mita 1.75. Yaani kuna makonda wa daladala wamemzidi.

Kilichotokea? Namba 60 ndiye aliyepata nafasi ya kuanza, tena msimu wa kwanza. Namba 10 mpaka mwanzoni mwa 2014 Sacramento walishaachana naye. Na sikilizeni, shuti la Fredette halikuwahi kuwa tatizo, mpira wa mbali alikuwa anaupiga vizuri tu hata kule. Tatizo lilikuwa kukaba watu wenye kasi kuliko yeye, na kujitengenezea nafasi mbele ya watu warefu wenye miguu mepesi. Baadaye alikwenda Shanghai, China, akawa mfalme tena, kwa sababu kule mpira alirudishiwa. Thomas je? Msimu wa 2016-17 akiwa Boston alipiga wastani wa pointi 28.9. Ndiyo, namba ileile ya Fredette, ila hii ilikuwa NBA.

Sasa mwamba ambaye mimi namkubali kuliko wote kwenye hii mada ni Alex Caruso. Alitoka chuo cha Texas A&M mwaka 2016, na kwenye drafti hakuna aliyemwita jina. Akaenda kwenye ligi ndogo ya kulea wachezaji. Aliwahi kuelezea kwamba wengi kule wanakwama kwa sababu hawajui wanaombea kazi gani. Timu inatafuta mfagizi, wewe unaingia kwenye usaili ukidhani unaenda kuwa bosi wa fedha. Yeye alishika fagio. Akakaba, akakimbia, akatoa pasi kwa wakati. Leo ana ubingwa wa 2020 na Lakers, na ubingwa wa 2025 na Oklahoma City. Wafungaji wangapi wa vyuo hawana hata kimoja?

Najua kuna mtu anasubiri kunitupia Curry. Haya, tumzungumzie. Msimu wa 2008-09 akiwa Davidson aliongoza vyuo vyote kwa wastani wa pointi 28.6. Lakini mwaka huohuo alikubali kubadilishiwa kazi. Miaka miwili ya kwanza alikuwa mfungaji, wa tatu akaanza kupandisha mpira na kulisha wenzake, asisti zaidi ya tano kwa mechi. Angeweza kukaa na sifa zake, hakukaa. Na hata leo mwangalie akiwa hana mpira, anazunguka mpaka anayemkaba anapata kizunguzungu. Drafti ya 2009 alichaguliwa namba 7. Namba 2 alikuwa Hasheem Thabeet wetu wa hapa Bongo, ambaye alikuwa nje ya NBA baada ya msimu wa 2013-14. Kaka Hasheem heshima yake iko palepale, katufungulia njia. Nachosema ni kwamba namba ya drafti inakufungulia mlango tu, kukaa ndani ni kazi nyingine.

Kwa nini hii mada inaniuma? Kwa sababu na mimi nilikuwa gadi, sekondari. Shuleni kwetu mpira ulikuwa wangu, nikifunga wanajaa uwanjani. Ikafika siku ya kuchujwa timu ya wilaya kwa ajili ya UMISSETA. Nikatupia pointi kama kawaida. Kocha akachukua dogo mmoja mfupi ambaye sikumbuki hata kama alifunga. Nilinuna wiki nzima, nikasema kuna kujuana. Miaka imepita ndiyo nimeelewa. Yule dogo alinikaba mimi siku ile. Na nilipokuwa sina mpira, nilishika kiuno.

Kwa hiyo dogo wetu wa jina kapuni, shuti unalo, hakuna anayebisha. Sasa kabana na gadi mkali wa timu pinzani, usimwachie mwenzako. Toa pasi halafu kimbia. Zoea kushika mpira na kupiga papohapo bila kudunda mara kumi. Jiulize swali moja: wakikunyang'anya mpira dakika 30, bado kocha atakuhitaji uwanjani?

Siku jibu likiwa ndiyo, mimi mwenyewe nitaposti klipu zako hapa na kuomba radhi.

Haya, wadau, funguka hapo chini. Ungekuwa wewe ndiye kocha, ungemchukua mfungaji au mfagizi? Povu ruksa, matusi hapana.