Wengi wape, lakini si ndoa za wenzao

Methali ya "wengi wape" haikosi kutajwa demokrasia inapozungumziwa, na aghalabu hutajwa nusu. Nusu ya pili, "usipowapa watajitwalia", ni onyo wala si sifa. Onyo hilo lilitimia katika jimbo la California, Marekani, tarehe 4 Novemba 2008, raia walipolipigia kura Pendekezo la 8 kuhusu ndoa za watu wa jinsia moja. Mimi ni mpinzani wa pendekezo lile na wa kila pendekezo la aina yake, na sababu zangu zinaanzia katika sarufi.

Mwezi Mei mwaka huo, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilikuwa imeamua kwamba watu wa jinsia moja wana haki ya kufunga ndoa. Kufikia siku ya kura, ndoa zipatazo 18,000 zilikuwa zimefungwa. Waliopinga walitaka katiba iongezewe sentensi moja ya maneno 14 ya Kiingereza, yenye kusema kwamba ndoa ya mwanamume na mwanamke tu ndiyo iliyo halali, au inayotambuliwa, California.

Naomba wanafunzi wa isimu waitazame sentensi hiyo. Kwa umbo ni fasili. Haina mtenda wala mtendwa. Hamna kitenzi cha kunyang'anya, kukataza au kuvunja. Msomaji angedhani ameinakili kutoka kamusi. Kazi yote imebebwa na kijineno "tu", na nyuma ya "tu" hiyo wamesimama maelfu ya watu waliofungiwa nje pasipo kutajwa. Mwanasheria Mkuu wa jimbo wakati huo, Jerry Brown, aliling'amua hilo. Akaandika katika kichwa cha karatasi ya kura kwamba pendekezo linaondoa haki ya watu wa jinsia moja kuoana. Waliolileta walikwenda mahakamani kukilalamikia kitenzi hicho, wakashindwa. Nacho kilikuwa cha kweli: siku ya kura haki ilikuwapo, kesho yake haikuwapo.

Hata hivyo pendekezo lilipita, kwa asilimia 52 ya kura. Basi sidai kwamba lugha nyofu ingetosha. Nadai kwamba swali lenyewe, hata likiulizwa kwa unyofu, si la kuulizwa. Raia anapopigia kura kodi, naye atailipa. Aliyeipigia "ndiyo" sentensi ile hakuhatarisha chochote. Alirudi nyumbani kwa mkewe au mumewe, ndoa yake haina hata mkwaruzo. Wale wa ndoa 18,000 walisubiri hadi tarehe 26 Mei 2009 kuambiwa na mahakama kama wangali wanandoa. Waliambiwa ndiyo, majirani zao waliochelewa waliambiwa hapana.

Atakayeshangaa kwa nini haki haipimwi kwa wingi na asome habari za Alabama. Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha mwaka 1967 sheria zilizokataza ndoa kati ya weupe na weusi. Mwaka 2000 raia wa Alabama walipoulizwa kama marufuku hiyo ifutwe katika katiba yao, wapiga kura wapatao 40 katika kila 100 walisema ibaki.

Kuna hoja kwamba ndoa ina maana moja tangu jadi. Mwanaisimu hawezi kuikubali. Miongoni mwa Wanandi, mwanamke asiye na mwana wa kiume aliweza kumwoa mwanamke mwenziwe, akalipa mahari, akahesabiwa kuwa mume. Mwaka 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliitambua ndoa ya namna hiyo katika kesi ya urithi. Si ndoa ya mapenzi, wala sisemi ni kitu kimoja na kile walichodai watu wa California. Ila neno halijapata kuwa finyu kama tunavyohubiriwa. Kiswahili chenyewe, kinachompa mume "kuoa" na mke "kuolewa", kimetupa pia "kuoana", ambamo wawili ni sawa.

Ama dini, uamuzi wa Mei 2008 ulisema wazi kwamba hakuna dini itakayolazimishwa kubadili mafundisho yake, wala kiongozi wa dini kufungisha ndoa asiyoiamini.

Tarehe 4 Agosti 2010, siku ileile sisi Wakenya tulipoipigia kura katiba yetu, jaji wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba Pendekezo la 8 linakiuka Katiba ya Marekani. Ndoa zilirejea California mwaka 2013, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikazihalalisha nchini kote. Maneno 14 yalibaki katika katiba ya California, hayana nguvu, mpaka Novemba 2024 wapiga kura zaidi ya asilimia 60 walipoyafuta. Hawakuyafuta kwa mapambo. Mwaka 2022 Jaji Clarence Thomas wa Mahakama ya Juu aliandika kwamba uamuzi wa 2015 ufikiriwe upya. Sentensi za aina hiyo zingali katika katiba za majimbo mengi, zimelala; uamuzi huo ukitenguliwa, zaweza kuamka bila mtu yeyote kupiga kura tena.