Injini Ikichemka, Wacha Kubahatisha

Wasee, kabla mniandikie tena "wewe uliacha chuo, utatufunza nini kuhusu ndege?", someni hii hadi mwisho.

Kuna mzee mimi humsaidia kila Jumamosi. Anajijengea ndege ya watu wawili. Injini ni ile ya Volkswagen Beetle, silinda nne, haina maji wala rejeta. Hupozwa na hewa. Jumamosi iliyopita nilikuwa nimechaji kamera zote, tayari kurekodi ikiruka mara ya kwanza. Tukaiwasha. Dakika chache tu, silinda ya tatu ikawa inasoma nyuzi 40 juu ya zingine.

Kila mtu alikuwa na dawa. Ati ongeza oili. Ati panueni tundu la mbele, hewa iingie mob. Na mimi, nakubali, nilisema, "Mzee, si turuke mara moja tu, tutarekebisha baadaye?" Nilikuwa nafikiria watazamaji.

Mzee akazima injini. "Kijana, huko juu utaegesha wapi?"

Tukaanza na geji yenyewe. Senza tukaichovya kwenye maji yanayochemka. Hapa Nairobi maji huchemka kwa karibu nyuzi 94, si 100, kwa sababu tuko juu sana. Senza ilisema ukweli. Tukaihamishia silinda nyingine, lakini joto likabaki kwa ile ya tatu.

Hiyo pekee ilitupunguzia kazi. Zote nne zikichemka, unashuku taimingi iliyo mapema, petroli kidogo kuliko hewa, ama hewa ya kupoza haitoshi. Ikiwa ni moja, tafuta shida hapo hapo. Na kweli, nyuma ya silinda hiyo bati la kuongoza hewa lilikuwa limeacha mwanya wa vidole viwili. Hewa ilikuwa inaingia vizuri, halafu inatorokea hapo bila kupita kwenye mapezi ya silinda. Tungepanua tundu la mbele, tungekuwa tumeharibu kifuniko kizuri bure.

Tukaziba na bati na raba. Tukabadilisha hicho kitu kimoja tu, ndio tujue ni nini kilisaidia. Tofauti ikashuka, lakini mzee bado hajaridhika. Anataka kuipima tena chini kabla iondoke ardhini.

Kwa hivyo video hakuna. Na niko sawa na hiyo.

Maoni yangu ni haya: sisi vijana tunaogopa sana kusema "bado sijui, wacha nipime." Tunaona ni aibu, kwa hivyo tunabahatisha kwa sauti kubwa. Nilikuwa hivyo chuoni, na Jumamosi nilikuwa karibu kumpandisha mzee wa watu angani na injini inayochemka, ndio nipate klipu.

Boda yako ikipata moto, ama gari ya buda, kabla ununue chochote uliza: geji inasema ukweli? Joto liko kila mahali ama mahali pamoja?

Sasa niambieni, ni nini mlirekebisha na hakikuwa kimeharibika?