Reli ya kubuni ina hesabu ya kweli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wale wanaodai kwamba mwalimu anayewaruhusu watoto kutengeneza treni za makopo anapoteza muda wa masomo.

Wanafunzi wangu wa darasa la sita wanajenga mfano wa reli ya abiria kutoka Kurasini hadi Mbagala, jijini Dar es Salaam. Reli hiyo haipo. Treni za mjini zilizoanza Oktoba 2012 zilipita katika njia za zamani za TAZARA na reli ya kati. Lakini watoto wa huku Nachingwea wanaijua Mbagala, maana ndiko waliko shangazi na kaka zao. Treni yenyewe hawajaiona. Reli ya mpango wa karanga iliyofika huku iling'olewa zamani, babu zao wakiwa vijana.

Kipimo chetu ni 1 kwa 100. Reli ya kati ina upana wa mita 1, kwa hiyo yetu ni sentimita 1, na rula ya mtoto inatosha. Lakini kilometa 1 nayo inakuwa mita 10, yaani kupita urefu wa darasa! Basi tumeweka vituo vitatu tu: Kurasini, Mtoni na Mbagala. Njia ni ya kubuni, hivyo tuna ruhusa ya kuifupisha, ila kanuni za reli hazifupishwi. Kona isiwe kali, mwinuko usiwe wa ghafla, na Mto Kizinga lazima uwe na daraja.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya mahali pa kupishania treni, kwa kuwa njia ni moja na safari nzima ni dakika 20. Kundi moja lilitaka treni zipishane karibu na Mbagala, kwa hoja kwamba ndiko kwenye abiria wengi. Binti mmoja akaenda ubaoni. Zikipishana katikati, kila kipande ni dakika 10 kwenda na 10 kurudi, hivyo treni huweza kuondoka kila baada ya dakika 20. Kipande kimoja kikiwa cha dakika 15 na kingine 5, lazima zingoje dakika 30. Watu wa Mbagala waliotaka kupendelewa ndio wangekaa zaidi kituoni. Je, huo ni mchezo?

Gharama hakuna. Ni makopo, mataruma ya njiti za mianzi na udongo wa kichuguu.

Sasa mkubwa mmoja ameagiza mfano huo uondolewe darasani kabla ya mitihani. Namwomba kwa heshima aje kwanza Jumatano saa nane mchana, awaulize watoto kwa nini treni zinapishana Mtoni.

Mwalimu wa Kijiji,
Nachingwea.