Hema la Kupuliza Hewa Shambani: Usiuziwe Upepo

Ndugu mkulima, mahindi yakikaribia kukauka wengi wenu mnateremka kutoka kihambani kwenda kulala shamba la tambarare, kulinda. Ukisikia mtu anakusifia hema la kupuliza hewa, jepesi, halina fito, linasimama kwa dakika chache, usitoe hela kwanza. Na wewe mwenye duka usiagize la kuuza kabla hujalifungua ukaliona ndani.

Hewa haina muujiza. Ndani kuna mrija unaoshika hewa, nje kuna ganda la kitambaa kigumu linalouzuia mrija usivimbe ukapasuka. Ni tyubu na tairi ya baiskeli, basi. Na kama tyubu, ukiijaza ngumu kwenye baridi ya alfajiri, jua la saa saba litaikaza mpaka mshono ufumuke. Mwiba wa mgunga nao hauna adabu.

Kwa hiyo uliza: kila mrija una valvu yake? Kama yote imeungana, tobo moja usiku linakuangushia nyumba nzima. Mrija unachomoka kwa zipu, uuzibe kwa kiraka? Kama umeshonewa humo humo, mwachie mwenyewe.

Watasema ni jepesi. Haya, tazameni mlimani. Mpagazi wa Kilimanjaro amewekewa kikomo cha mzigo wa kilo 20, na bado mahema yanayopanda Machame kwa kawaida ni ya fito. Fito ikivunjika unaifunga kijiti, safari inaendelea.

Lakini ugomvi wangu mkubwa si mwiba. Ni yule anayelala humo pamoja na magunia ya mahindi ambayo hayajakauka. Kitambaa kisichopitisha hewa kinafungia jasho lako na unyevu wa mahindi. Asubuhi kuta zinatiririka maji. Mahindi ambayo hayajashuka hadi unyevu wa asilimia 13 hivi yanaota ukungu, na humo ndimo inamozaliwa sumukuvu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Siku hiyo muuzaji wa hema humwoni.

Mimi kwa fedha hiyo ningenunua turubai imara, nikate fito zangu, niache uwazi juu pande zote mbili upepo upite. Kama umeshanunua la hewa, lala wewe. Mahindi yaweke kwenye kichanja nje, na valvu uilegeze kidogo kabla jua halijapanda.