Mtoto anataka kupanda Nyiragongo: tumjibu nini?

Juma hili tunaacha kidogo habari za likelemba na sabuni. Kuna swali limerudi kwetu mara ya pili, na tunajua si sisi peke yetu tunaoulizwa. Wengi wenu mna mtoto, mdogo wenu au rafiki aliye Ulaya, na siku moja anatuma sauti kwenye simu: "Mama, nataka kuja kupanda mlima. Usalama ukoje huko?"

Mara ya kwanza ilikuwa karibu na mwisho wa mwaka 2019. Binti wa mmoja wetu, aliyeondoka Masisi akiwa bado mdogo na sasa yuko Ubelgiji, alitaka kuja na wenzake watatu kupanda Nyiragongo. Mama yake hakumjibu siku hiyo. Alikuja na simu kwenye mkutano wetu wa siku ya posho, akaiweka katikati ya mkeka, tukasikiliza wote.

Kwanza tulicheka. Ruhusa ya kupanda ilikuwa dola 300 kwa mtu mmoja, bila kuhesabu mbeba mizigo na chakula. Mtu anatoa pesa hiyo ili atembee saa tano juu ya mawe makali, alale kwenye baridi ya mita 3,470, na kesho ateremke magoti yakimwuma! Mama mmoja aliyezaliwa upande wa Pinga alisema yeye amepanda milima akiwa na muhogo mgongoni na mimba tumboni, na hakuna aliyemwomba picha. Tukacheka tena. Halafu tukanyamaza, kwa sababu swali lilikuwa bado liko pale kwenye mkeka.

Mama yake alitaka tumwambie neno moja, ndiyo au hapana. Tulishindwa. Sisi wenyewe hatuendi sokoni kwa ndiyo au hapana. Mwanamke anayetaka kupeleka maharagi Sake haulizi kama kuna amani Kivu ya Kaskazini. Akingoja jibu la swali hilo maharagi yataota ndani ya gunia. Anauliza nani ametoka upande ule leo asubuhi. Anauliza motari wamelala wapi jana, bariera iko ya nani, wanaomba pesa ngapi, na kama wanawake waliopita jana wamerudi. Anaangalia pia nani anayemjibu. Mwenye gari anayetafuta abiria atasema njia ni nzuri. Mwenye duka ambaye hataki ushindane naye atasema njia ni mbaya. Unaweka maneno ya wote wawili pamoja, halafu unamwuliza mama wa tatu ambaye hana faida yoyote.

Tukaona swali la mtoto lipimwe hivyo hivyo. Serikali za Ulaya huandika onyo juu ya jimbo letu zima kwa wino mmoja, kama vile Goma, Kitshanga na Walikale ni uwanja mmoja wa mpira. Onyo hilo lina uzito, na tulimwambia mama amwulize binti swali ambalo vijana hawapendi: je, asuransi yako italipa kama umekwenda mahali ambapo serikali yako imekukataza? Lakini onyo halikuambii tofauti ya njia na njia. Kutoka Goma hadi Kibati, pale wapandaji wanapoanzia, ni mwendo mfupi wa gari. Kutoka Goma hadi Masisi-centre ni kama kilomita 80, na kila mmoja wetu anajua zile kilomita zinaweza kuwa na wenye bunduki wa aina ngapi. Kwa upande mwingine, kijana wa Goma anayeishi kwa kuongoza wageni hatasema "msije." Hatumlaumu, tungekuwa sisi tungesema hivyo hivyo.

Jambo la pili tulilolipima lilikuwa mwaka uliotangulia. Tarehe 11 Mei 2018, gari la wageni wa Parke ya Virunga lilishambuliwa kaskazini mwa Goma. Waingereza wawili walitekwa, wakaachiliwa baada ya siku mbili. Dereva wao Mkongo alijeruhiwa. Mlinzi wa parke aliyekuwa akiwasindikiza, Rachel Masika Baraka, aliuawa. Alikuwa na miaka 25, mmoja wa wanawake 26 waliokuwa walinzi wa parke hiyo. Parke ilifungwa kwa wageni, ikafunguliwa tena Februari 2019. Angalieni vizuri, wamama: wale wageni hawakupata shida mlimani. Shida iliwapata njiani, ndani ya gari, mchana. Mtu akiwaza hatari ya mlima anawaza shimo la moto, na kweli shimo lipo. Mwaka 2007 mgeni mwanamke kutoka Hong Kong alianguka ndani ya shimo la Nyiragongo akafa. Lakini safari haianzi chini ya mlima. Inaanza pale mtu anapotoka nyumbani, na kipande kibaya kinaweza kuwa kile ambacho hakuna anayekipiga picha.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza kati yetu. Mama mmoja, ambaye kijana wake alikuwa akibeba mizigo ya wageni Nyiragongo, alisema waziwazi: "Msimwambie huyo mtoto asije. Parke ilipofungwa, kijana wangu alikaa miezi tisa bila kazi. Mnajua alitaka kwenda wapi? Kwenye machimbo Rubaya. Mimi nilipenda abebe begi la muzungu kuliko aingie shimoni." Mwenzake akamjibu: "Na bunduki ikitokea, dada, nani anabaki chini? Mgeni ana balozi wa kumtafuta. Kijana wako ana nani?" Walinyamaza wote wawili, na sisi tukanyamaza nao. Hadi leo hatujajua nani kati yao alikuwa na haki zaidi.

Lakini ugomvi ule ulitupa swali ambalo hatukuwa tumelifikiri. Mtu anayepima usalama wa safari kwa kawaida hujipima mwenyewe: mimi nitarudi? Kumbe mpandaji mmoja wa Nyiragongo anakwenda na mlinzi mwenye bunduki, mbeba mizigo, mpishi, dereva, na kila mmoja ana mama yake. Tukamwambia mama wa binti amwulize yule aliyepanga safari: walinzi ni wangapi, na hao wabeba mizigo wakivunjika mguu nani anawatibu? Akishindwa kujibu hilo, msiende naye, hata kama bei yake ni ndogo.

Mambo mengine tulimwambia haraka, na tunayaandika kwa faida ya atakayeulizwa kesho. Tarehe ya kurudi isibanwe na ndege, maana mtu mwenye ndege ya kesho hulazimisha njia leo. Gari lisiwe njiani jioni. Wakubaliane kabla ya kuondoka kwamba mmoja wao akisema "turudi," wanarudi wote bila mjadala. Nguo za baridi na za mvua zisiwe za mapambo. Namba moja tu ya simu hapa nyumbani ndiyo itakayopokea habari, ili tusipigiane simu ishirini za uongo. Na mazuku. Wataalamu wa volkano duniani wameliazima neno hilo kutoka kwetu: hewa nzito inayotoka ardhini na kukaa mabondeni, haionekani, inaua mbuzi na inaua mtoto anayelala chini kwenye kishimo. Binti huyo alikuwa amesoma kurasa nyingi juu ya viatu, na hakuwa amesikia neno hilo la kwao.

Alikuja Desemba. Wakati ule Ebola ilikuwa bado haijaisha kaskazini, kwa hiyo kila kizuizi walinawa mikono na kupimwa joto. Walipanda, wakaliona ziwa la moto, wakateremka salama. Kijana wa mwenzetu ndiye aliyebeba begi lake; tulifurahi sana.

Sasa sikilizeni kilichotuumiza. Koko yake, mama wa mama yake, alikuwa Masisi. Binti alifikiri akitoka mlimani atapanda gari aende kumsalimu, maana kwenye ramani ni karibu tu. Mama yake, yule yule aliyemruhusu kulala juu ya volkano, alimkatalia. Juma lile gari lilikuwa limeporwa kwenye njia hiyo, na tuliuliza akina mama watatu waliotoka huko. Wote watatu walisema hapana. Binti alilia. Alisema: "Nimelipa dola 300 na watu wenye bunduki wakanilinda ili nione moto, na kwa koko siwezi kufika?" Hatukuwa na jibu. Mlimani kulikuwa na walinzi kwa sababu kulikuwa na wageni. Njia ya Masisi ilikuwa na sisi tu.

Mwisho koko mwenyewe aliteremka, nyuma ya pikipiki, hadi Sake. Alisema yeye mzee hana cha kuporwa. Walikaa saa mbili kwenye nyumba ya ndugu, wakala sombe na makayabu, na koko akamshika shika mikono kama anayepima nguo. Halafu kila mmoja akarudi alikotoka kabla jua halijainama. Kuna siku tunajiuliza kama tulipima vizuri siku ile. Tulimlinda mjukuu, tukamweka mzee njiani.

Miaka iliyofuata ilitufundisha zaidi. Tarehe 22 Februari 2021, balozi wa Italia Luca Attanasio aliuawa karibu na Kibumba, pamoja na mlinzi wake Vittorio Iacovacci na dereva Mustapha Milambo. Walikuwa katika msafara wa Programu ya Chakula Duniani, kwenye njia iliyokuwa imesemwa inapitika bila kusindikizwa. Hata balozi alijibiwa na mtu kwamba njia ni nzuri. Tangu siku ile tukiambiwa "njia ni nzuri" tunauliza: imekuwa nzuri kwa nani, na tangu lini?

Halafu tarehe 22 Mei mwaka ule ule, usiku wa siku ya posho, Nyiragongo ikalipuka, kama ilivyofanya Januari 1977 na Januari 2002. Watu hawakupewa onyo. Moto ulisimama karibu na uwanja wa ndege wa Goma, na watu zaidi ya 30 walikufa. Siku chache baadaye, serikali ilipoamuru kartie kumi za Goma zihame, maelfu na maelfu walikuja kwa miguu hadi Sake. Wengi wenu mliwapokea, mnakumbuka magodoro kichwani na watoto waliopotezana na wazazi wao. Sisi tunaofundisha, tuliporudi darasani tuliwaambia watoto wachore mlima. Wote, hata wale ambao hawajawahi kufika Goma, walichora mdomo mwekundu. Kabla ya hapo walikuwa wakichora mlima wa kijani na ng'ombe.

Mwaka huu binti ametuma tena sauti. Amekuwa mtu mzima, sauti imekuwa nzito kidogo. Safari hii hatukuweka simu kwenye mkeka, maana mkeka wenyewe umetawanyika. Vita vilipoingia Goma mwisho wa Januari 2025 uwanja wa ndege ulifungwa. Mwezi wa Machi mapigano yakafika hadi Walikale-centre. Wengine wenu mnasoma ukurasa huu mkiwa nyumba ya watu. Tulijibiana kwa simu, mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na ugomvi. Hata mama wa yule mbeba mizigo alisema: "Mwambieni hapana. Na mumwambie kwamba kijana wangu anamsalimu." Hatukumwuliza kijana yuko wapi sasa. Kuna maswali ambayo mama akitaka kuyajibu atayajibu mwenyewe.

Kumwambia mgeni "usije" ni neno gumu kwetu. Tulilelewa kwamba mlango haufungwi, na mtoto aliyezaliwa hapa si mgeni hata. Mama yake alijaribu mara tatu kuirekodi sauti hiyo, akifuta. Mwisho alisema tu: "Mtoto wangu, njia nimeiuliza. Hakuna aliyerudi kunijibu."

Binti hakubisha. Alisema basi atapanda Karisimbi kwa upande wa Rwanda, mita 4,507, siku mbili, na wenzake wa kazini. Tulimpa yale yale: baridi, tarehe isiyobanwa, asuransi, mmoja akisema turudi mnarudi. Mlima ule umekaa juu ya mpaka wenyewe, nusu yao nusu yetu, kwa hiyo aulize pia siku hiyo mpakani kukoje, asitegemee habari za mwezi uliopita.

Koko, ambaye sasa anaishi kwa mtoto wake mwingine na masikio yake bado ni mazuri, alisikia habari hizo. Akatuma kuuliza kama mtu akisimama juu ya Karisimbi anaweza kuona Masisi. Tulifungua ramani ya darasani, ile iliyochanika upande wa Ituri, tukapima kwa rula. Ni kama kilomita 70, na katikati wamesimama Nyiragongo na Nyamulagira. Tumemwambia itategemea mawingu.