Kiti cha Bunge Hakina Mwenyewe

Wako watu wanaojua yote kabla hayajatokea. Uchaguzi wa Bunge ukikaribia, utawasikia sokoni Kabatoro na njiani Bwera wakitoa hukumu: "Jimbo lile ni la chama fulani. Hata wakisimamisha gogo, litapita." Wasikilizaji hutikisa vichwa kukubali, na mazungumzo yakaisha. Mimi sikubali, nami nitaeleza sababu zangu.

Kwanza tutazame habari za kwetu Kasese. Desemba 1980 chama kipya cha UPM, kilichoongozwa na Yoweri Museveni, kilipata kiti kimoja tu katika Uganda nzima. Museveni mwenyewe alishindwa huko Mbarara. Aliyeshinda ni Dk. Crispus Kiyonga, wa Kasese. Ni mtabiri gani angalithubutu kusema kwamba kiongozi ataanguka na mfuasi wake atapita? Baadaye Dk. Kiyonga akawa waziri, akaiwakilisha Bukonzo Magharibi kwa miaka mingi, ikawa kama kwamba kiti kile ni chake. Lakini Februari 2016, hali yu Waziri wa Ulinzi, alishindwa na Atkins Katusabe wa FDC. Mpanda ngazi hushuka.

Mwaka huo huo FDC ilitwaa viti vyote vya Bunge wilayani Kasese. Je, wilaya ikawa mali ya FDC? La. Novemba 2016 damu ilimwagika mjini Kasese, watu wengi wakafa, na mioyo ya waliobaki haikuwa tena kama zamani. Ulipofika uchaguzi wa Januari 2021, Busongora Kusini, jimbo letu sisi wa Kabatoro, ilikwenda kwa NRM, na Busongora Kaskazini vilevile.

Labda msomaji atasema, "Kwetu vyama ni vingi, ndiyo maana." Basi na atazame Tanzania mwaka 1965. Huko bara chama kilikuwa kimoja, TANU, na hapana mtu aliyeweza kukishinda. Lakini wananchi walipewa wagombea wawili wa chama hicho hicho, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, akaangushwa. Chama kilikuwa salama; mtu hakuwa salama. Watabiri wetu huchanganya mambo haya mawili.

Kwa hiyo anayetaka kutabiri jimbo linaloitwa salama yampasa kuuliza maswali matatu. Chama kilimteua nani, na je, walioshindwa katika uteuzi wameridhika, au watasimama peke yao na kugawa kura? Mbunge alionekana mara ngapi kati ya uchaguzi na uchaguzi? Na ni watu wangapi watakaotoka nyumbani siku ya kura? Asiyeuliza hayo anakisia tu.

Wachimba chumvi wa Katwe wanalijua jambo hili. Jua likiwaka, chumvi hujijenga katika viwanja vyao, na mwenye kiwanja huanza kuhesabu magunia. Ikinyesha mvua kubwa kabla hajavuna, chumvi huyeyuka, naye hana la kuuza. Mwenye akili hahesabu gunia ambalo halijajazwa.

Tena utabiri wa namna hii una madhara. Mpiga kura akiambiwa kwamba mambo yamekwisha, hubaki shambani siku ya kura. Mbunge akiambiwa hivyo, hulala miaka mitano. Daraja likivunjwa na mafuriko, au zahanati ikikosa dawa, hana haraka, kwa kuwa ameambiwa kura zetu ziko mfukoni mwake. Kiti kikiitwa salama, wasio salama ni sisi.

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tu karibu kutimiza miaka 18, umri wa kupiga kura. Nawasihi tujiandikishe mapema, tuwasikilize wagombea wote, na mtu akituambia kwamba matokeo yanajulikana, tumwulize kwa adabu: "Mzee, mimi sijapiga kura yangu. Wewe umeihesabu wapi?"