Bikari Kwanza, Kompyuta Baadaye

Wapo wazazi wanaokunja uso wasikiapo kwamba kompyuta imeingizwa katika somo la sanaa la watoto wa miaka 11 hadi 14. Wanahofu kuwa mkono wa mtoto utalemaa. Wapo na wengine wanaodhani kuwa kila kionekanacho kwenye kioo ni maendeleo. Makundi yote mawili yanastahili jibu, nalo tulitafute katika nyota ya ncha nane, nakshi mashuhuri ya mafundi wa Kiislamu, ionekanayo pia katika kasri la Alhambra mjini Granada, Hispania.

Mafundi wale walitumia bikari na rula, na mtoto naye aanze hivyo. Achore duara, aligawe sehemu nane zilizo sawa, kisha aunganishe nukta ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba apate mraba. Nukta nne zilizobaki zitampa mraba wa pili, uliogeuka nyuzi 45 juu ya mwenziwe. Hapo nyota imezaliwa, na mtoto anajua ilikotoka.

Sasa kompyuta ina kazi. Katika GeoGebra, programu ambayo shule huitumia bila malipo, mtoto hurudia hatua zile zile, kisha huvuta nukta moja ya duara. Nyota iliyojengwa kwa kanuni hukua na kupungua pamoja na duara lake bila kuharibika. Iliyokadiriwa kwa macho husambaratika papo hapo. Karatasi ingelisitiri kosa hilo. Kompyuta hulifichua, na mtoto hurudi kulitafuta mwenyewe. Kisha aipange nyota yake safu kwa safu, ncha kwa ncha. Ataona kuwa nafasi zilizoachwa nazo zina umbo, lenye mikono minne iliyochongoka, ambalo hakulichora.

Vivyo hivyo kwa kanga. Mtoto huchora kwa mkono pembe moja ya pindo, huipiga picha, na programu humgeuzia pembe tatu zilizosalia. Akitaka kujaribu rangi tano za mji, halazimiki kuchora upya mara tano.

Jambo la kuchungwa ni programu za akili mnemba, zinazotoa picha kamili kwa maneno machache. Mtoto atapata nyota nzuri, lakini ukimwuliza kitovu chake kilikuwa wapi, hatakuwa na jibu. Huyo amepokea picha, hajajifunza kuchora.

Shule isiyo na maabara isikate tamaa. Kompyuta moja yatosha ikiwa kundi moja litaitumia huku mengine yakiendelea na karatasi, kisha yapokezane. Mwalimu atangulie kuiweka programu ndani yake, ili kipindi kisitegemee intaneti.

Nasi wazazi, siku ya kikao tusiishie kuuliza alama. Tuombe kwanza kuiona karatasi ya mtoto, ndipo tutazame kazi yake ya kwenye kompyuta, kisha tumwambie atueleze hatua zake moja baada ya moja. Akizieleza, kompyuta imemsaidia. Akibaki kimya, tusimkaripie. Tumpe bikari, tuketi naye.